Fibroidi: seli zimekataa kufa?

Dada wa Wete, umeuliza kama ni kweli fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi, hukua kwa sababu seli zake "zimekataa kufa". Kweli, ila hiyo ni nusu ya habari.

Seli ina mpango wake wa kujiua ikichakaa au isipohitajika tena. Wataalamu wanauita apoptosisi. Sasa ndani ya fibroidi imejaa protini moja, Bcl-2, ambayo kazi yake ni kuuzuia mpango huo, na projesteroni, homoni hiyo hiyo inayolea mimba, huiongeza. Seli mpya zinazaliwa, za zamani haziondoki. Ndiyo maana dawa zinazoiziba projesteroni, kama mifepristoni, huweza kuupunguza uvimbe, na kwa wengi hedhi ikikoma unanywea wenyewe.

Nusu ya pili: sehemu kubwa ya uvimbe si seli hata kidogo, ni nyuzi za kolajeni, protini ngumu inayoshikanisha mwili, zilizorundikana kati ya seli. Ndiyo ule ugumu anaousikia daktari akikubonyeza tumbo. Nyuzi hizo hazifi, maana hazikuwa hai.

Kuchelewa kufa kwa seli hizi hakuufanyi uvimbe kuwa saratani, usijitie hofu. Na huyo wifi yako mwenye mizizi ya "kuua uvimbe", mwambie akuonyeshe kwanza ultrasaundi za kabla na baada! Ukitokwa na damu nyingi hadi kizunguzungu, nenda hospitali hapo hapo Wete ukapimwe wekundu wa damu.