Usikubali ndoana ya cherehani iguswe kabla ya kuitoa sindano na kuikagua

Dada wa Masasi, usimpe huyo fundi hata shilingi moja mpaka uwe umeitoa sindano kwenye cherehani yako na kuitazama kwenye mwanga. Umeeleza kwamba umenunua cherehani ya kukanyaga iliyokwisha tumika, kwamba inaruka mshono na kukata uzi wa juu, na kwamba fundi amekwambia sindano haina mbele wala nyuma, yaani huwekwa upande wowote, hivyo atakuja Jumamosi kusogeza ndoana, kile chuma chenye ncha kilicho chini ya sindano kinachonyakua uzi. Kisha umeuliza namna ya kutunga uzi na kama cherehani hiyo itamudu jinzi. Nilipofika kwenye maneno "haina mbele wala nyuma" niliweka kazi chini, kwa sababu ndiyo maneno niliyoambiwa mimi hapa Mtwara, na yalinigharimu msimu mzima.

Ilikuwa Desemba, fedha za korosho zimeshaingia mikononi mwa watu na shughuli za unyago ziko karibu. Akina mama wa Chikongola walikuwa wameniletea vitenge vya sare 14. Sindano ilivunjika, nikaweka mpya kwa haraka bila kuitazama, na kuanzia hapo cherehani ikawa mara inashika uzi, mara haishiki. Nikamwita fundi. Hakuigusa sindano kabisa. Alifungua skrubu, akakishusha chuma kinachobeba sindano, akaisogeza ndoana karibu zaidi, na kweli ikaanza kushika vizuri kuliko mwanzo. Nikamlipa na kumshukuru. Kesho yake, nilipofika kwenye pindo ambako kitenge kimekunjwa mara nne, nikasikia mlio wa chuma kugonga chuma. Sindano ilikatika vipande viwili na ncha ya ndoana ikamegeka. Sare tano tu ndizo zilizokamilika kwa wakati. Vitenge tisa nilivirudisha mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na fedha za utangulizi nikazirudisha pia.

Ndoana mpya ilipopatikana niliipeleka cherehani kwa mzee mmoja anayeshona Mikindani. Yeye hakuanza na bisibisi. Aliniomba sindano, akapitisha ukucha wake kutoka juu kuelekea kwenye tundu, upande mmoja, halafu upande wa pili, akaniambia, "Mwanangu, nawe pitisha ukucha wako." Nilipopitisha, nikahisi upande mmoja una mfereji mrefu unaoshuka mpaka kwenye tundu, na upande wa pili una kibonyeo kifupi tu, juu kidogo ya tundu. Akanionyesha pia kwamba shina la sindano, sehemu ile nene ya juu, ni mviringo lakini limekatwa ubapa upande mmoja, ule ule wenye kibonyeo. Mimi nilikuwa nimeiweka kinyume. Ndoana yangu ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza.

Sababu yake ni hii, nawe uielewe ili mtu asikubabaishe tena. Sindano inaposhuka, uzi hulala ndani ya ule mfereji mrefu na kulindwa usisuguane na kitambaa. Inapoanza kupanda, kiasi cha milimita 2 hivi, uzi wa upande wa pili hubaki nyuma na kufanya kitanzi kidogo penye kibonyeo, na hapo ndipo ncha ya ndoana hupita na kukinyakua kitanzi hicho ili kikazunguke bobini, kile kigurudumu kidogo chenye uzi wa chini. Ukiigeuza sindano, kitanzi hakitokei mahali ndoana inapopita. Ndoana inapita patupu, mshono unaruka, na uzi unasagika mpaka ukatike. Hata sindano iliyopinda kidogo tu pembeni, au ambayo haikusukumwa juu mpaka ikagota, inaweza kuleta ugonjwa huo huo.

Basi kanuni yangu, ambayo siwezi kuacha kuirudia, ni kwamba mfereji mrefu utazame upande uzi unakoingilia kwenye tundu la sindano na ubapa utazame upande uzi unakotokea baada ya kupita tundu. Kwenye cherehani nyeusi za kukanyaga zenye muundo wa Singer 15, ambazo ndizo nyingi huku kwetu, uzi huingia kwenye tundu kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo ubapa hutazama kushoto. Cherehani nyingi za umeme za nyumbani hutungwa kutoka mbele, na ubapa hutazama nyuma. Sukuma sindano mpaka igote, kaza skrubu, halafu zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, mizunguko miwili au mitatu, huku ukisikiliza. Ukisikia kitu kinagusana, simama.

Kinachoniuma mpaka leo si kwamba yule fundi alikosea, kwa maana kila mtu hukosea. Kinachoniuma ni kwamba alilipwa kwa kazi ya kurekebisha kitu kizima, ilhali kuitoa sindano na kuirudisha kungemchukua chini ya dakika moja. Mtu anayefungua skrubu za ndoana kabla hajaishika sindano anafanya majaribio kwa mali yako.

Kuhusu kutunga uzi, inua kwanza mguu unaokandamiza kitambaa, maana ukiwa chini vile visahani vya kukazia uzi vinabana na uzi hauingii katikati yake. Zungusha gurudumu mpaka ule mkono unaopanda na kushuka ufike juu kabisa, na usisahau kuupitisha uzi katika tundu lake, kwani ukilisahau nyuzi zitajikusanya chini ya kitambaa kama kiota. Acha mkia wa sentimita 10 hivi nyuma ya mguu, ushike, kisha zungusha gurudumu kuelekea kwako mzunguko mmoja ili uzi wa bobini upande juu.

Jinzi inataka sindano namba 16, ambayo pakiti huiandika 100/16, yaani unene wa milimita 1. Kitenge kinatosheka na 90/14. Lakini namba yoyote utakayonunua, ikigeuzwa haitashona.

Fundi wako anakuja Jumamosi. Fanya kazi hii leo jioni, kabla mwanga haujaisha: kabla hujalegeza skrubu ya sindano, angalia mfereji mrefu unatazama wapi, kisha urudi hapa utuandikie ulichokikuta.