Jibu: Nataka kutafiti maandishi ya ofisini, hojaji inatosha?

Mkuu, umesema unasoma uzamili wa isimu, unataka kujua watumishi wanavyoandikiana kazini, na umeshaandaa hojaji ya kugawa kwenye ofisi za halmashauri. Nimeifanya kazi hii, kwa hiyo nakuomba hojaji uiweke kando kwanza. Ukimuuliza mtumishi huwa anaandikaje dokezo, yaani yale maelezo mafupi ya ndani ya ofisi yanayoandikwa kwenye jalada, atakujibu kama mwongozo unavyotaka: kwa ufupi, kwa adabu, kwa kufuata ngazi. Wala hadanganyi. Ameandika miaka mingi mpaka mkono unajiendea, na asichokiwaza hawezi kukujazia kwenye fomu.

Fuata jalada, yaani faili lenyewe. Katika halmashauri niliyotafiti mimi, kambi yangu ilikuwa masjala, chumba cha kupokea barua na kutunza majalada. Barua inaingia, inagongwa muhuri, inapewa namba ya folio (namba ya nafasi yake ndani ya jalada), inafungwa kwenye jalada, jalada linapelekwa kwa mkurugenzi. Yeye anaandika kwenye karatasi ya madokezo: cheo cha anayeelekezwa, maneno mawili matatu, saini fupi, tarehe. Basi. Anayeshika majalada hayo kutwa ni mtunza kumbukumbu, na ndiye anayejua nani huwa anakaa na jalada na nani hulirudisha siku hiyohiyo. Watafiti wengi wanampita mlangoni kwake wakikimbilia kwa wakuu wa idara. Kaa naye.

Nikupe mfano. Kulikuwa na jalada la ombi la uhamisho. Afisa utumishi kaandika dokezo refu, kanuni zimepangwa vizuri, mwisho "naomba maelekezo yako". Chini yake mkurugenzi kaandika "Tuongee". Dokezo linalofuata linasema "Kama tulivyozungumza, naandaa barua ya kumjibu mhusika". Uamuzi umefanyika kati ya mistari hiyo miwili, na kwenye jalada zima huoni ulivyofikiwa. Ukikusanya nakala tu ukaenda kuzichambua chuoni, utaandika sura nzima kuhusu adabu ya lugha, na kazi yenyewe itakuwa imekupita.

Hapo ndipo mahojiano yanapoingia, tena jalada likiwa wazi mezani. Watafiti wa uandishi Lee Odell, Dixie Goswami na Anne Herrington walieleza mwaka 1983 mbinu ninayoiamini kuliko zote: unachukua andiko la mtu mwenyewe, unabadilisha kipande, unamuuliza kama angekubali kiandikwe hivyo, na kwa nini. Nilimwonyesha yule afisa dokezo lake, pale kwenye "naomba maelekezo" nikaweka "napendekeza akubaliwe". Akakataa papo hapo: "Mkuu wake wa idara hajasema kitu, mimi nipendekeze kama nani?" Jibu hilo moja lilinifungulia mpangilio mzima wa nani ana haki ya kuwa na maoni kwenye karatasi, na kwa zamu ipi.

Kinadharia, anza na mwanaisimu John Swales, kitabu chake cha 1990, kuhusu jumuiya inayotambulika kwa malengo yake, njia zake za kuwasiliana na aina zake za maandishi. Ila usiichukulie halmashauri kama jumuiya moja. Watu wa ardhi na watu wa afya wako jengo moja, lakini madokezo yao hayafanani hata kidogo. Chagua idara moja uizame.

Kibali usikiharakishe. Kwetu Tanzania barua ya chuo hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa ndipo ishuke halmashauri. Omba masjala ya wazi tu, ya siri usiiguse hata ukikaribishwa. Majina, namba za utumishi na vituo vya kazi vifute palepale unaponakili, usisubiri ufike nyumbani; tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zaidi ya sheria, hao ni watu waliokuamini.

Ukumbuke pia magrupu ya WhatsApp. Mengi yanayoanza na "tuongee" huishia huko, na kuyasoma kunahitaji ridhaa ya kila aliyemo, si ya admini peke yake. Ukipata dokezo moja na umeshalifuta majina, njoo nalo hapa tulisome pamoja.