Mikutano Inayokatika Ghorofani

SWALI: Ndugu Mhariri, Assalamu alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja niliyeolewa Lamu, na naishi Mkomani katika nyumba ya kale ya ghorofa. Hutafsiri nyaraka za ofisi moja ya Unguja, na mikutano yetu hufanywa kwa video. Ruta iko chini karibu na daka, nami hufanya kazi juu, ambako picha hukwama na sauti hukatika, hasa baada ya saa mbili usiku. Fundi ananishauri ninunue kifaa cha kuongeza mawimbi. Kampuni inasema kwao hakuna hitilafu. Nimwamini nani?
Msomaji, Mkomani

JIBU: Waalaykumu ssalaam, dada. Inawezekana kampuni inasema kweli na bado wewe unapata taabu, kwa kuwa intaneti yako hupita vipande viwili: kutoka kwa kampuni hadi kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta. Teremka na kompyuta yako, uiunganishe na ruta kwa waya, kisha ufanye mkutano mmoja mchana na mwingine usiku ukiwa hapo hapo. Usinunue chochote kabla ya jaribio hilo.

Mkutano wa mchana ukienda vizuri kwa waya, tatizo ni nyumba. Kuta nene za matumbawe na chokaa, ambazo ni sehemu ya sifa zilizouingiza mji wenu katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, hudhoofisha sana mawimbi ya waifai. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi lakini hufifia haraka ukutani. Yale ya 2.4 hupenya zaidi, ila majirani wote wamo humo, kwa hiyo chagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye msongamano mdogo. Kifaa alichokitaja fundi hurudia tu kile kinachokipokea, na kikiwekwa chumbani mwako kitapokea mawimbi yale yale dhaifu. Mimi ningepitisha waya kwenye uwazi wa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, hadi juu, nikafunga ruta ya pili huko. Ukuta usiutoboe kabla ya kuuliza ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Usiku ni jambo jingine. Ikiwa hata kwa waya mkutano unakatika baada ya saa mbili, kwanza zima simu na televisheni za nyumbani, kwa sababu simu moja inayopakia picha zake kimyakimya yaweza kuijaza njia ya kutuma data hadi sauti yako ikasubiri foleni. Hali isipobadilika, fungua madirisha mawili ya amri kwenye kompyuta: moja andika ping (amri ya kupima kama anwani inajibu) na anwani ya ruta, ambayo mara nyingi huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na la pili andika ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google huko nje. Ruta ikijibu bila kukosa huku anwani ya pili ikipotea, hitilafu iko nje ya nyumba yako. Piga picha ya skrini inayoonyesha saa, uwapelekee kampuni, wala usikubali kuambiwa uzime ruta na kuiwasha tena. Wakipuuza, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, si ile ya Tanzania uliyoizoea, kwa kuwa huduma unaipata huku.

Ruta ikijiwasha upya kila umeme unapocheza, itafutie betri ndogo ya akiba yenye volti zile zile zilizoandikwa kwenye adapta yake.

Waulize pia wenzako wa Unguja kama wao kwa wao husikilizana vizuri. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika, Kenya na Tanzania ziliathirika pamoja, na siku kama hiyo hakuna la kurekebisha nyumbani. Hadi waya ufike ghorofani, fanyia mikutano chini, na sauti ikianza kukwama zima kamera, kwa maana sauti pekee huhitaji data kidogo sana kuliko video.