Unakuja Kusoma Starkville? Zoea Kuomba Lifti

Wadogo zangu mliopata nafasi ya uzamili au uzamivu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Mississippi, kilichoko Starkville, Marekani, hongereni sana. Wengi mnaniuliza kuhusu ada, viza na maprofesa. Hayo mtaelezwa kwenye barua zenu. Mimi nataka kusema juu ya siku za kawaida, kwa sababu ndizo zinazowavunja watu moyo. Nimewaona wanafunzi hodari, maksi zao ziko juu kabisa, wakidhoofika kwa upweke na kula vibaya.

Starkville ni mji mdogo. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 24,360, na chuo kina wanafunzi zaidi ya 22,000, kwa hiyo chuo ndicho mji. Ukitokea Dar, Nairobi au hata Morogoro, jioni ya kwanza utashangaa: barabara pana, nyasi zimekatwa vizuri, na hakuna anayetembea kwa miguu. Hakuna bodaboda wala duka la Mangi pembeni ya nyumba. Yapo mabasi ya SMART yanayozunguka chuoni na mjini bila nauli. Jifunze njia zake wiki ya kwanza, na utafute nyumba karibu na kituo. Lakini usiku wa manane basi hakuna, na kuna sehemu halifiki kabisa.

Kwa hiyo utahitaji lifti, na hapa ndipo wengi wetu hukwama. Tumelelewa tusiwasumbue watu, basi mtu anakaa ndani wiki tatu anakula tambi za pakiti kuliko kumwomba mwenzake ampeleke dukani. Ndugu yangu, omba. Watu wa kule wanakubali kwa moyo mweupe, ila wana taratibu zao. Omba siku mbili kabla, usimpigie mtu umwambie unataka kwenda sasa hivi. Saa mliyokubaliana uwe umesimama nje tayari. Changia mafuta, na akikataa hela, siku nyingine mpelekee chapati au sambusa. Wala usimtegemee mtu mmoja tu mpaka achoke. Kadiri unavyofahamiana na watu wengi, ndivyo shida zako zinavyokuwa nyepesi kwa kila mmoja wao.

Nyumba nitaisema kwa kifupi. Mikataba mingi ya kupanga huanza Agosti na kuisha mwisho wa Julai, na mara nyingi kuna siku kadhaa kati ya mkataba wa zamani na mpya ambapo huna pa kulala. Uliza hilo kabla ya kusaini. Mtaa wa Cotton District una nyumba nzuri za rangi rangi na uko karibu na chuo, ila mwishoni mwa wiki vijana wanasherehekea usiku kucha. Na usitume hela ya nyumba ambayo hakuna Mwafrika mwenzako aliyeenda kuiona.

Chakula kinanipa furaha kukieleza, kwa sababu Kusini mwa Marekani panakaribia kwetu kuliko unavyodhani. Sukuma wiki ipo tele, wao wanaiita collard. Bamia zipo, kunde zipo, na siku ya Mwaka Mpya watu wengi hula kunde kwa kuamini zinaleta bahati. Karanga za kuchemsha na maganda yake huuzwa kandokando ya barabara. Asubuhi kuna uji mzito wa mahindi yaliyopaazwa, unaitwa grits, na unaliwa kwa chumvi na siagi. Kambare ndiye samaki wa heshima: Mississippi inaongoza Marekani kwa kambare wa mabwawa, na wanamkaanga amevingirishwa unga wa mahindi. Ndugu zangu Waislamu, ulizeni kwanza kabla ya kula mboga za majani, maana mara nyingi hupikwa polepole na nyama ya nguruwe ya kukaushwa kwa moshi, na kwa macho hamtaiona.

Unga wa ugali unapatikana duka lolote, mweupe kabisa. Soma mfuko vizuri. Ukikuta neno "self-rising", rudisha rafuni, kwa sababu umeshachanganywa baking poda na chumvi, na ugali wake hauliki. Chukua ule wa mahindi peke yake. Ukiagiza chai hotelini, utaletewa ya baridi yenye barafu na sukari nyingi. Ukitaka ya moto sema mapema, na si kila mahali wanayo. Bei unayoiona rafuni si utakayolipa, maana kodi inaongezwa kaunta, na Mississippi hutoza kodi hata kwenye chakula.

Jumamosi za vuli mji wote ni mpira wa Kimarekani. Uwanja wa Davis Wade unachukua watu 60,311, zaidi ya mara mbili ya wakazi wa mji wenyewe! Watu huja na kengele za ng'ombe na kuzigonga kwa nguvu. Mwaka 1974 ligi yao ilipiga marufuku vyombo vya kelele, watu wakaendelea kuziingiza kwa siri, na mwaka 2010 zikaruhusiwa kwa masharti. Hata kama sheria za mchezo huzielewi, nenda. Kabla ya mechi watu hupika nje chini ya mahema na hukaribisha wapita njia. Mimi naamini saa mbili pale zitakupa marafiki kuliko mwezi mzima maktaba. Ila manunuzi yako yafanye Alhamisi, kwa sababu siku ya mechi barabara hazipitiki.

Watu watakusalimia njiani, nawe itikia. Mkubwa huitwa "sir" au "ma'am", na heshima hiyo sisi hatufundishwi, tumezaliwa nayo. Utaalikwa kanisani pengine kabla hujafungua begi. Ukitaka nenda, usipotaka kataa kwa upole, hakuna atakayekuchukia. Msikiti upo, karibu na chuo.

Lakini historia ya pale isome kabla hujafika. Chuo hiki, kilichoanzishwa 1878, kilimpokea mwanafunzi wa kwanza mweusi, Richard Holmes, mwaka 1965. Miaka miwili kabla, Machi 1963, timu ya mpira wa kikapu ya chuo, wote wazungu, ililazimika kutoroka jimboni ili ikacheze na timu ya Chuo Kikuu cha Loyola cha Chicago, iliyokuwa na wachezaji weusi, kwa sababu viongozi wa jimbo walitaka kuwazuia. Bendera ya jimbo ilibeba alama ya jeshi lililopigania utumwa hadi 2020, na mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa chuo hicho, Kylin Hill, alisema hadharani hatacheza tena mpaka ibadilishwe. Ikabadilishwa. Nawasihi msikae mbali na Wamarekani weusi wa mji huo, kama baadhi yetu tunavyofanya. Njia unayopita leo kwenda darasani wao ndio walioifungua. Kaa nao, wasikilize.

Hali ya hewa: Agosti ni joto la kunata kama Tanga mwezi wa pili, na ndani ya madarasa kiyoyozi kinagandisha, kwa hiyo beba sweta. Januari usiku baridi hushuka chini ya sifuri. Acha maji yadondoke kidogo bombani ili bomba lisipasuke.

Tonado, yaani upepo mkali wa kuzunguka unaobomoa nyumba, usiifanyie mzaha. Aprili 27, 2011 ilipiga Smithville, mji mdogo kaskazini mashariki ya Starkville, na kuua watu. Matangazo ya tahadhari ni mawili. La kwanza, "watch", linasema hali inaruhusu tonado kutokea: chaji simu, vaa viatu. La pili, "warning", linasema imeonekana: ingia chumba cha ghorofa ya chini kabisa kisicho na dirisha, sasa hivi. Kama unaishi kwenye nyumba ya trela, usingoje la pili. Panga mapema utakwenda kwa nani.

Mwezi Mei wanafunzi huondoka na mji hunyamaza, hata mabasi hupungua. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, anaruhusiwa kufanya kazi chuoni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na likizo anaweza kuongeza, lakini nafasi huwahiwa. Mikataba mingi ya usaidizi wa masomo (assistantship, yaani kazi ya kufundisha au utafiti unayolipwa na chuo) ni ya miezi tisa. Muulize profesa wako Februari, kwa maandishi, nani atakulipa Juni na Julai.