Kabla Hujawapendanisha Wahusika Wako

Wadogo zangu, nimemaliza kupitia neemu (rasimu za kurasa za manga, vibonzo vya mtindo wa Kijapani) za kundi jipya na nimekutana tena na kitu kile kile. Sura ya tatu, chombo kinayumba, msichana anamwangukia mvulana, macho yanakutana, mistari ya aibu mashavuni, paneli ya nusu ukurasa. Imechorwa vizuri, sikatai. Mikono yenu imekomaa mapema kuliko yetu. Lakini kuanzia ukurasa huo binti wa watu hafanyi tena chochote. Anasubiri. Analia. Anaita jina la mvulana wakati mvulana anapigwa.

Nikiuliza, nusu yenu mnasema manga ya safari bila mapenzi haisomeki. Nusu nyingine mmekaza shingo: mapenzi ni ya shojo, manga za wasichana, sisi ni watu wa shonen, manga za wavulana. Mnabishana yawepo au yasiwepo, na hakuna anayeuliza yamekuja kufanya kazi gani.

1. Si lazima yawepo. One Piece, hadithi ya maharamia, inatoka katika jarida la Weekly Shonen Jump tangu Julai 1997, na mwandishi wake Eiichiro Oda alishawajibu wasomaji wake kwamba mabaharia wale wanachokipenda ni safari yenyewe. Basi nendeni mkaitazame tena ile sehemu ya Nami, rubani wao, na Arlong, haramia aliyemtumikisha. Nami amepiga magoti, anajichoma kisu begani penye chale ya Arlong, nahodha Luffy anamshika mkono, na Nami anamwomba msaada. Luffy anavua kofia yake, ile asiyotaka mtu aiguse, anamvika kichwani, kisha anaondoka kwenda kupigana. Hakuna busu wala shavu jekundu, na msomaji ameshalia. Anayedhani hisia zinapatikana kwa kuwapendanisha watu tu, akakae na kurasa hizo mpaka zimwingie.

2. Yakiwepo, yaibebe hadithi. Toa mapenzi yote kwenye neemu yako, kisha soma upya. Safari ikienda vile vile, basi yalikuwa mapambo. Jaribu hivyo kwa Inuyasha ya Rumiko Takahashi uone. Adui yao Naraku anawachonganisha wapenzi wawili, Inuyasha na Kikyo, mpaka kila mmoja anaamini amesalitiwa na mwenzake, na Kikyo anamgandisha mpenzi wake mtini kwa mshale. Inapita miaka 50 kabla Kagome, msichana anayemfungua, hajatokea. Ukiwaondolea wale wawili mapenzi yao, hakuna mshale, hakuna mti, na juzuu zote 56 zinakosa pa kuanzia.

3. Mapenzi yasimnyang'anye mtu kazi yake. Hapa nitakaa, maana hili tulilifanya sisi wenyewe, na mwandishi nilikuwa mimi.

Tulikuwa na hadithi ya jahazi. Hamadi anamtafuta kaka yake, na Zuhura ndiye rubani. Zuhura tulimpenda kuliko wote. Alijua kusi na kaskazi, alijua mkondo unageuka wapi, alipima kina kwa bildi huku akiwatukana mabaharia wazembe. Wasomaji wakaanza kuuliza: hawa wawili lini? Waliuliza kila sura ilipotoka. Nikawapa. Niliandika usiku mmoja sitahani, Kilimia kimechomoza, Hamadi anasema lililo moyoni. Lilikuwa tukio zuri na bado naamini hivyo. Kosa lilianza kesho yake.

Sura iliyofuata jahazi lilipita katikati ya miamba. Hiyo ilikuwa kazi ya Zuhura, ndiyo sababu alikuwemo chomboni tangu mwanzo. Lakini kwa kuwa sasa walikuwa wapenzi, niliona Hamadi ndiye amlinde, nikamkabidhi usukani. Kijana ambaye sura chache nyuma hakujua joshi ni upande gani! Zuhura nikamweka nyuma yake, ameshika shati lake, amefumba macho. Nikaenda hivyo sura baada ya sura, na wasomaji wale wale waliokuwa wakiuliza lini wakapunguza kuandika.

Aliyeliona ni mchoraji wetu. Alizitandaza kurasa sakafuni, za mwanzo upande huu, za karibuni upande ule, akaniambia nitazame mikono ya Zuhura tu, nisitazame kingine. Upande wa mwanzo: kamba ya bildi, dira, shikio la usukani, kisu cha kukatia kamba. Upande wa pili: shati la Hamadi, mkono wa Hamadi, uso wake mwenyewe. Halafu paneli nyingi ambazo hakushika kitu kabisa. Mchoraji alikuwa akichora nilichomwandikia. Siku hizo ikaja barua ya msichana wa sekondari akiuliza kama Zuhura anaumwa. Alimuulizia kwa heshima kabisa, kama unavyomuulizia dada wa rafiki yako. Sura zilikuwa zimeshachapwa, hazirudi. Hadithi ile hatukuimaliza, na yule msichana sikuwahi kumpa jibu linalomstahili.

Ndiyo maana nawang'ang'aniza Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa, 2001 hadi 2010, juzuu 27. Winry ni fundi. Mkono na mguu wa chuma wa Edward, mhusika mkuu, kavitengeneza yeye, na vikivunjika anarekebisha yeye, huku akimfokea. Siku anapomwelekezea bastola Scar, muuaji wa wazazi wake, Edward anasimama katikati, kisha anaibandua bastolani ile mikono ya Winry inayotetemeka, na anamwambia mikono yake si ya kuua, ni ya kuwapa watu uhai. Ana haki ya kusema hivyo: Winry alishazalisha mama mmoja kule Rush Valley, na Edward mwenyewe anasimama kwa mguu uliotoka mikononi mwake. Tukio zito kuliko yote baina yao linahusu kazi ya binti. Kuposa kunakuja mwishoni kabisa, stesheni ya treni, na Edward anaposa kwa kanuni ya alkemia: nakupa nusu ya maisha yangu, nipe nusu ya yako. Winry anamshangaa, anasema atampa yote, kisha anaanza kupunguza asilimia hadi anatua kwenye 85, na Edward anacheka. Kila mmoja amebaki yule yule tuliyemfahamu tangu sura za mwanzo.

4. Usilimbikize kila kitu sura ya mwisho. Sura ya 700 ya Naruto, Novemba 2014, inatuonyesha Naruto na Hinata wameshazaa. Mbegu ilikuwepo, Hinata alishamtamkia mapenzi yake mbele ya adui yao Pain akiwa tayari kufa, lakini namna Naruto naye alivyompenda Hinata ilikuja kuelezwa na filamu ya Desemba mwaka ule. Ninyi hamna filamu ya kuja kuwaokoa. Bleach nayo iliisha 2016 kwa ndoa mbili, na mashabiki wanagombana mpaka leo.

5. Uchumba unaweza kurukwa. Akira Toriyama, katika Dragon Ball, hakutuchorea jinsi Vegeta na Bulma walivyokaribiana. Alimleta kijana mwenye upanga kutoka wakati ujao, kijana huyo akamkatakata adui Frieza, kisha tukaambiwa ni mtoto wao.

6. Barua za wasomaji zisomeni zote, ila zinasema wamependa nini wiki hii. Sura ya kumi unaijua wewe.

7. Mistari ya aibu ya mashavuni, punguzeni.

Neemu mtakazonirudishia, kila ukurasa ambao wapenzi wawili wako pamoja, andikeni pembeni kwa penseli kila mmoja ameshika nini na anafanya nini. Penye jibu la "anamtazama" mara tatu mfululizo, msiniletee kwanza. Rekebisheni, kisha tukae tusome pamoja.