Imechanganywa, imeghushiwa au imetiwa kobalti?

Swali: Ninatafsiri makala ya fizikia kwa wanafunzi wangu. Inasema kampaundi ya bariamu, chuma na aseniki hupoteza sumaku ikiwekewa kobalti kidogo. Niandike "imechanganywa na kobalti", "imeghushiwa kwa kobalti" au "imetiwa kobalti"? (Mwalimu wa sekondari)

Jibu: Andika "imetiwa kobalti", Mwalimu.

Kughushi tukuache. Anayeghushi ana hila: hutia maji kwenye maziwa akayauza kama maziwa matupu. Kuchanganya ndiko hatari zaidi, kwa kuwa wanafunzi wako wameshafundishwa kwenye kemia kwamba mchanganyiko si kampaundi. Ukisema "imechanganywa", watadhani punje za kobalti zimekaa kando ya punje za chuma. Sivyo. Atomu ya kobalti inaingia ndani ya fuwele, yaani zile safu za atomu zilizopangika za kampaundi, na kushika nafasi iliyokuwa ya atomu ya chuma.

Kutia kuna faida nyingine ya kisarufi: chai hutiwa sukari, kwa hiyo fuwele hutiwa kobalti, na kiima kinabaki kile kinachopokea. Ila kitenzi hiki hakisemi ni nani aliyetolewa. Ongeza "mahali pa chuma", na usiyaone maneno hayo kuwa ya ziada, maana habari nzima imo humo. Kobalti ina elektroni moja zaidi ya chuma, hivyo inaongeza elektroni. Potasiamu hutiwa mahali pa bariamu, haigusi chuma hata kidogo, nayo inapunguza elektroni. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba fuwele iliyotiwa potasiamu kiasi cha asilimia 40 hupitisha umeme bila ukinzani wowote chini ya kelvini 38, yaani kama nyuzi 235 za Selsiasi chini ya sifuri. Fosforasi hutiwa mahali pa aseniki. Haiongezi elektroni wala haipunguzi, ni ndogo tu, inaibana fuwele, na usumaku unafifia vilevile! Ndiyo maana nakusihi usitafsiri jambo hili kuwa "kuongezewa elektroni".

Sasa hiyo "hupoteza sumaku". Hapa nina wasiwasi zaidi kuliko kwenye swali lenyewe. Mwanafunzi atafikiria kipande kinachovuta misumari, kisha kikaacha. Kampaundi hii haikuvuta msumari tangu mwanzo. Ikipoa chini ya kelvini 140 hivi, yaani kama nyuzi 133 za Selsiasi chini ya sifuri, kila atomu ya chuma huwa sumaku ndogo, na sumaku hizo hujipanga kwa mistari: mstari mmoja unaelekea upande huu, wa jirani unaelekea kinyume. Nguvu zao zinafutana. Kinachobadilika ni mpangilio huo, basi utaje kwa jina lake: "mpangilio wa kisumaku".

Na kitenzi chake kiwe "kufifia". Kobalti inavyozidi, ndivyo fuwele inavyohitaji kupoa zaidi kabla mistari haijajipanga. Hakuna kinachokatika ghafla. Ikifika asilimia 6 hivi mpangilio umeshadhoofika sana, na kwenye kelvini 20 na kitu ukinzani wa umeme unatoweka.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Fuwele ya bariamu, chuma na aseniki ikitiwa kobalti kidogo mahali pa chuma, mpangilio wake wa kisumaku hufifia."