Nani atajibu salamu?

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii kama binadamu tuko tayari kukutana na viumbe wa sayari nyingine. Mimi niko Vwawa, si mbali na mgeni pekee wa kutoka angani tunayemfahamu huku, Kimondo cha Mbozi, na jibu langu ni hapana. Wala tatizo si silaha.

Kimondo kile kipo Ndolezi: chuma chenye nikeli, uzito wake unakadiriwa tani 12 hadi 16. Wenyeji walikijua tangu zamani, vitabu vikakipata mwaka 1930. Mwaka huohuo kikaletewa msumeno. Ukifika, itazame ile ncha yake. Mwili mzima ni wa hudhurungi, umebonyeabonyea kama unga wa chapati uliopitiwa na vidole, halafu pale pamekatwa, na kando yake kuna makovu ya watu waliotaka kuondoka na kipande cha ukumbusho. Ndivyo tulivyompokea mgeni asiyesema.

Najua wasomaji wa Iringa watawaleta Wajerumani na Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana nao. Mimi siuoni mfano huo ukifaa sana. Mjerumani alitaka ardhi na watu wa kumlimia. Mwenye uwezo wa kuvuka umbali ule hakosi mashamba. Tena sidhani kama atakuja mwenyewe. Nyota iliyo jirani kabisa na Jua letu, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka ya nuru 4.2 hivi, yaani nuru yenyewe husafiri miaka hiyo kufika. Salamu ya redio, ambayo huenda kwa kasi ya nuru, ukiituma leo, jibu lisubiri zaidi ya miaka 8. Kama kuna kitakachotufikia, basi ni mawimbi ya redio, na hapo ndipo penye kazi: nani anajibu, kwa niaba ya nani?

Wanasayansi wanaoyatafuta mawimbi hayo walikubaliana mwongozo mwaka 1989: hakikisha kwanza, watangazie watu wote, usijibu mpaka mataifa yashauriane. Mzuri, ila si sheria, na hakuna wa kumkamata atakayeukiuka. Isitoshe, wakati wanauandika watu walishatuma zamani. Mwaka 1974 mtambo wa redio wa Arecibo, Puerto Rico, ulirusha ujumbe kuelekea kundi la nyota la M13, safari ya miaka 25,000 hivi. Sikumbuki mzee yeyote wa huku kuulizwa.

Mwaka 1977 vyombo viwili vya angani vya Marekani, vya Voyager, vikaondoka na sahani za santuri za shaba zilizopakwa dhahabu, zenye salamu za lugha 55. Kinyanja cha jirani zetu wa Malawi kimo. Kiganda kimo. Kisumeri, lugha ya kale ambayo haina hata mtu mmoja wa kuiongea nyumbani kwake, nacho kimo. Kiswahili hakimo.

Kama kuna sahani nyingine inaandaliwa, naomba BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, waandikiwe barua mapema, na wasipewe sekunde chache. Mtu wa huku hamsalimii mgeni bila kumwuliza habari za nyumbani, za safari, na mvua za huko mwaka huu zimekujaje.

Msomaji wenu,
Vwawa, Mbozi